Kilele Kifupi cha Mwisho: Maisha ya Donatus Masele Ndaki (1961–2025)

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani wa Songwa na ninyi mliotoka mbali mpaka Nyarugusu: mimi ni Salome, mdogo wake marehemu. Tumefuatana ziwa moja. Mmenipa kazi hii kwa sababu mnasema nina sauti, basi nisikilizeni.

Marehemu Donatus Masele Ndaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Songwa, wilaya ya Kishapu, mtoto wa pili wa mzee Masele Ndaki na mama Mageni. Mama alisema mtoto huyu alichelewa kuongea lakini aliwahi kubomoa vitu: redio, baiskeli, mpaka saa ya jirani. Saa aliirudisha ikitembea, ila mshale mmoja ulibaki mfukoni mwake. Jamani, kile kipigo! Sisi wengine tulilia kwa niaba yake.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Songwa, 1969 hadi 1975, kisha sekondari mjini Shinyanga. Mwaka 1986 alihitimu stashahada ya ufundi wa maabara Dar es Salaam.

Alifanya kazi Mwanza kuanzia 1987, na Geita kuanzia 2001 mpaka alipostaafu mwaka 2021. Kazi yake ilikuwa kusoma spektra, yaani karatasi zinazotoka kwenye mashine zikiwa na mistari iliyosimama, mirefu na mifupi, kama fito za ua. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinielewesha kwa muwa. Aliuvunja mezani kwangu, akasema, "Salome, mashine inavunja molekuli hivi hivi, kwenye pingili, halafu inapima uzito wa kila kipande. Kila mstari, sisi tunauita kilele, ni kipande. Vile virefu vinakuvutia macho, lakini haidrokaboni zote, yaani jamii ya petroli na dizeli, zinavyo. Tafuta kifupi cha mwisho, kulia kabisa. Mara nyingi huo ndio muwa mzima." Nikamwambia nimeelewa, sasa anilipe muwa wangu. Alicheka sana.

Tarehe 4 Agosti 1990 alifunga ndoa na wifi yangu Eufrasia, Mama Agnetha, na Mungu akawajalia watoto watatu. Alikuwa mume mpole na mpishi mbaya. Wali wake ulikuwa adhabu.

Sasa, mkitazama ratiba mlizoshika, aya inayofuata hamtaiona. Marehemu aliiandika kwa mkono wake, nami niliiondoa. Nilisema kaka yangu hazikwi na aibu.

Juni 2016, watoto kadhaa wa Nyarugusu, kule Geita, waliugua tumbo. Karibu na kisima chao palikuwa na ghala la dizeli la Bwana Mabula, aliyewauzia wachimbaji mafuta ya pampu. Kaka yangu alipeleka chupa, akachota maji, akapima. Aliona vilele virefu, vya uzito wa arobaini na tatu na hamsini na saba, akaandika: dizeli. Ghala likafungwa. Mke wa Mabula akazomewa kisimani, wakahama mtaa.

Miezi saba baadaye alikuwa akiichora karatasi ileile ubaoni kufundishia wenzake. Mkono ukasimama. Dizeli ni mchanganyiko wa miwa mirefu, vilele vyake vingeendelea kulia, tisini na tisa, mia na kumi na tatu, na zaidi. Hivi vilikoma themanini na sita. Kaboni sita, haidrojeni kumi na nne: heksani peke yake. Na heksani, dawa ya kuyeyushia mafuta, ilikuwa kwenye rafu yake mwenyewe, ndiyo aliyosuuzia chupa. Alijaza maji ya bomba la nyumbani kwenye chupa iliyosuuzwa vilevile, akapima. Karatasi ikatoka ileile.

Aliambiwa anyamaze, ripoti imeshapigwa muhuri. Akapanda basi kwenda Nyarugusu, akasimama kwenye mkutano wa kijiji. "Si Mabula," akasema. "Uchafu ule ulikuwa wa chupa zangu. Nilisoma virefu, kifupi nikakiacha." Wakatafuta upya, wakakuta choo kilichokuwa kinavujia kisimani.

Alinyoosha mkono, Mabula hakuupokea. Alimwambia, "Fundi, karatasi yako ya kwanza imesomwa na dunia nzima. Hii ya pili nani ataisoma?" Kaka yangu akajibu, "Itasomwa kila nitakaposimama, na siku nitakapolala."

Na kweli, aliisimulia kila mahali, kwa wanafunzi, kanisani, hata harusini kwa mwanawe, mpaka tukaona haya. Jana asubuhi, wifi yangu alipoona ratiba imechapwa bila aya hiyo, hakulia. Aliniambia, "Wifi, ahadi haikuwa yako." Nimeona vibaya sana, na nimeisoma.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2023, akatibiwa Mwanza kwa uvumilivu mkubwa. Kila akipewa majibu ya maabara aliuliza chupa zilisuuzwa na nini, mpaka wauguzi wakamzoea. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na minne. Inaniuma, wala sifichi.

Ameacha mjane, Eufrasia, watoto, Agnetha, Eliya na Mariana, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake.

Yupo pia mtu mmoja aliyefika jana kutoka Nyarugusu, akaomba jembe, akachimba kaburi hili na vijana wetu bila kusema jina lake. Nimelijua asubuhi hii. Wabeja sana, asante, baba. Wewe ndiye uliyeuliza nani ataisoma.

Bwana Mabula, imesomwa. Kaka, sasa lala kwa amani.