Mama Kiapo na Pindo la Gauni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Kiapo anastaafu. Alianza masjala katika ofisi yetu ya uraia, akapanda hadi kuwa mwenyekiti wa jopo la usaili. Jina la utani alilipata kwa sauti yake: akiongoza kiapo ukumbini, hata askari wa getini husimama wima.

Masharti ya kuomba uraia anayajua kama njia ya kwao: uwe mtu mzima, uwe umeishi nchini miaka inayotakiwa, uwe na mwenendo mwema na nia ya kubaki, na lugha uiweze. Hakuwahi kulegeza hata moja. Waliomjia na salamu za wakubwa walirudi nazo.

Ila sharti la lugha alikuwa na namna yake ya kulipima. Sisi tuliuliza maswali ya kitabuni. Yeye alianzisha ubishi. Fundi baiskeli mmoja aliambiwa baiskeli za siku hizi ni takataka, akajibu mpaka chai yetu ikapoa.

Kisha akaja fundi cherehani. Mumewe na wanawe walikwisha kuwa raia, naye alitimiza masharti yote, lakini mbele ya jopo ulimi uligoma. Alikuwa ameshindwa mara mbili, na hii ya tatu ilikuwa ya mwisho. Dakika zilipita bure. Roho zilituuma, tukaanza kufunga faili.

Mama Kiapo akasimama, akamwonyesha pindo la gauni lake, akajigamba kuwa limeshonwa na fundi bora mjini. Loo! Yule mama alisahau kuwa kuna jopo. Alisema fundi huyo ni mharibifu wa vitambaa, kwamba mtu mzima hatoki nyumbani na pindo lililopinda vile, na kwamba akikutana naye atamnyang'anya mkasi. Tulicheka hadi machozi, tukampitisha kwa kauli moja. Baadaye ndipo tulipojua kuwa pindo lile Mama Kiapo alilishona mwenyewe.

Asante, dada yetu mkubwa. Tunakuombea siku nyingi za heri, na wa kubishana naye usimkose.

Gauni unaloagia leo limeshonwa na raia yule, na pindo limenyooka. Ndiye atakayetoa hotuba ya shukrani, na ametuonya mapema kuwa haitakuwa fupi.