Kitufe cha Kurudi Nyuma

Assalaam alaykum, dada zangu. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenifikisha mbele yenu leo nikiwa na ufunguo wa gari mkononi. Wanaojua habari zangu wataelewa kwa nini ninauonesha ufunguo huu kama mwari anayeonesha pete ya uchumba.

Mimi ni Rukia, fundi cherehani wa Mkunazini. Mama yangu anaishi kijijini Matemwe, na macho yake yana presha. Kliniki yake ipo huku mjini, na aliyekuwa akimleta ni mimi, kwa gari yetu kuukuu. Daktari alishatwambia kwamba akiacha kuja kuangaliwa, nuru itaondoka na haitarudi tena.

Ndugu zangu, siku moja tunakuja mjini, tumeshapita Kinyasini, mbele yetu kuna mzee wa baiskeli amefunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Upande wa pili linakuja lori la mchanga. Mzigo ukamvuta yule mzee, akayumba mbele yangu. Nikakata usukani, gari ikaingia mtaroni. Mzee hakuguswa, lakini mama alivunjika mtulinga, mfupa wa begani.

Watu wakajaa, wakatutoa, Mungu awalipe. Ila mmoja alisimama juu ya mtaro, mikono kiunoni, akasema, "Ungefunga breki tu, bibie, mama wa watu asingeumia." Kisha akaenda zake, na maneno yake nikabaki nayo mimi.

Gari ilitengenezwa. Mtulinga wa mama ukaunga. Mimi sikuunga. Nikikaa kwenye usukani mikono inatetemeka, jasho linanichuruzika, nashuka. Hata kwenye sala nikisujudu naisikia ile sauti: ungefunga breki. Nilijiona mtoto aliyemvunja mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Kaka yangu akajitolea kumleta mama. Mama akakataa katakata. "Nnamsubiri Rukia," akasema. Tukamsihi, tukamgombeza, tukamtumia mpaka imamu wa msikiti wa kwao. Imamu naye akarudi na jibu lile lile. Kliniki ikapita, ikapita na nyengine. Dawa tukimpelekea, lakini daktari alimtaka mwenyewe. Nikawa nalia: sasa namtia upofu pia.

Basi sikilizeni Mungu alipopitia. Wifi yangu Zainab, mke wa kaka, ana chumba cha magemu nyuma ya Darajani. Nilikuwa nikimcheka, mwanamke mzima kushinda na magari ya kwenye skrini. Asubuhi moja, watoto wako skuli, akaniita chai. Kabla sijaimaliza akanikalisha kwenye kiti chenye usukani na pedeli. "Endesha, wifi," akanambia. "Humu hata ukigonga, chai yako haimwagiki."

Ni mchezo wa mashindano ya mitaani. Unachagua gari, unaipeleka gereji ukaipake rangi na kuitia injini kubwa. Kuna kitufe cha gesi, ukikibonyeza gari inafyatuka. Ukiteleza kwenye kona unapewa pointi, na ukizidisha mbio polisi wanakufukuza mji mzima. Mimi nikaanza mwendo wa kobe, upande wa kushoto kama tunavyoendesha sisi. Kumbe mji ule wanapita kulia! Magari yote yananijia usoni, honi kila pembe. Zainab kicheko mbavu hana. "Wifi, haya mashindano, hupeleki bibi harusi!"

Lakini mikono haikutetemeka. Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Zainab akanionesha namna ya kuachana na mashindano na kuzunguka tu upendavyo. Nikasimama kwenye taa nyekundu ambazo hapana mtu mwengine aliyezijali. Polisi wa mule hawakuniona hata siku moja.

Kisha akanionesha kitufe cha kurudi nyuma. Ukigonga unakibonyeza, gari inarudi pale ilipokuwa kabla ya ajali, unachagua upya.

Dada zangu, siku ile nilikuwa njia ya shamba, nyembamba. Pikipiki ikaingia mbele yangu ghafla, na lori linakuja. Nikafunga breki, kama alivyosema yule bwana. Gari ikaburuzika, nikamgonga wa pikipiki. Nikabonyeza kitufe. Nikakata upande wa pili, uso kwa uso na lori. Nikabonyeza. Breki tena, kwa nguvu zangu zote. Nikamgonga tena. Mwisho nikakata kuelekea mtaroni. Gari ikaingia majanini, ikasimama. Pikipiki ikapita, lori likapita.

Nikauachia usukani. Zainab akanishika bega.

Najua mchezo si dunia, msinifahamu vibaya. Lakini Mola wangu humfundisha mja kwa atakacho. Siku ile Kinyasini sikuwa na kitufe, nilikuwa na kufumba na kufumbua tu, na Yeye akaielekeza mikono yangu pale ambapo watu wote wangebaki hai. Nililia, nikatawadha pale pale kwa Zainab, nikasali rakaa mbili za shukrani.

Siku ya kliniki nikaendesha mpaka Matemwe. Mama alikuwa kibarazani, keshavaa, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa," akasema, akapapasa mlango akapanda.

Njiani nikamuuliza kwa nini alinisubiri na macho yanakwisha. Akasema, "Ningepanda gari ya kakako, weye usingeshika tena usukani maisha yako. Mimi macho nshayatumia vya kutosha."

Tulipofika Kinyasini, mtu mmoja akatupungia mkono pembeni ya njia.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Yule mzee wa baiskeli."

"Mzima?"

"Mzima, mama. Kabeba majani yake."

Akanigeukia. "Na weye?"

Nikamwambia, "Mzima, mama."

Ndugu zangu, daktari amesema nuru iliyobaki inaweza kulindwa. Alhamdulillahi. Nawe uliyejihukumu kwa jambo lililopita kama upepo, mwachie Mungu hukumu hiyo, Yeye aliona njia yote. Jumatano nakwenda tena Matemwe, na viti vya nyuma ni vitupu. Mwenye kuniamini na apande.