Risala ya Wasomaji wa Jarida la "Kibodi" kwa Mhariri Aliyetangaza Toleo la Mwisho

Mgeni rasmi, mhariri wetu. Mama, mwenzi wake. Wasomaji wenzetu mliokaa na mliokosa viti: habari za mchana.

Anayesoma mbele yako ni fundi wa friji. Amechaguliwa kwa sababu sauti yake imezoea kushindana na kompresa, si kwa sababu nyingine yoyote. Maneno ni yetu sote.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha katika chumba chako mwenyewe. Tunajua si kawaida. Kodi unalipa wewe, funguo ni zako, na hicho kiti ulichokalia ulikiokota na kukigonga misumari kwa mkono wako. Lakini tungekualika kama mhariri usingekuja, maana ulishatangaza kwamba wewe si mhariri tena. Ndiyo maana tukakualika kama mgeni rasmi, na Mama akahakikisha umevaa koti. Tangu uingie umeinuka mara mbili kutafuta vikombe. Tafadhali kaa. Mgeni rasmi hachemshi chai.

HISTORIA

Jarida lilianza ulipokuwa karani wa stoo, siku ofisi ilipotupa kompyuta mbovu nawe ukaibeba kwenda nyumbani. Uliifungua sebuleni, Mama akawa anaruka skrubu kwenda jikoni. Ilipopona, uliandika kurasa nne kueleza ulivyofanya, ukazibana kwa pini na kuziacha kwa kinyozi. Msomaji wa kwanza alikataa kushuka kitini mpaka amalize, na kichwa chake kilikuwa kimeshanyolewa zamani.

Tangu hapo desturi yetu ni moja. Kila toleo lina programu iliyochapishwa mstari kwa mstari, na msomaji anainakili mwenyewe kwenye kompyuta yake, herufi kwa herufi, mpaka mashine iitike. Wenye haraka wanatucheka, wanasema siku hizi vitu hivyo vinapakuliwa kwa kubonyeza mara moja tu. Ni kweli. Nguo pia zinauzwa zimeshashonwa, na bado kuna watu wanaopenda sindano.

MAFANIKIO

Jarida halijawahi kuwa na tangazo la biashara, isipokuwa la kinyozi yule. Limeishi kwa wasomaji. Uliandika kwenye kona ya ukurasa wa nyuma kwamba karatasi zimekwisha, mwenye duka la vipuri akapandisha katoni begani mpaka huku juu, akasema, "Hizi nilitaka kufungia boliti, lakini boliti hazijui kusoma." Muuguzi aliyekaa pale nyuma hubadilishana zamu na wenzake ili siku ya kukunja kurasa asikose. Dereva wa lori hupeleka nakala za mbali chini ya kiti chake na hataki hata asante. Mashine ya kuchapishia imebadilishwa karibu kila kiungo kwa michango ya namna hiyo, nasi bado tunaiita ile ile.

Wapo kati yetu waliopata kazi kwa yale waliyosoma humu. Wengi hatukupata kitu ila raha, na tunaomba nayo iandikwe kwenye mafanikio.

CHANGAMOTO

Za kawaida zipo: wino ghali, umeme wa kubahatisha, na ngazi za kuja huku. Hizo tumezizoea. Changamoto kubwa ya jarida hili, mgeni rasmi, ni sisi wasomaji.

Katika toleo la kabla ya tangazo lako, kurasa zilibadilishana nafasi. Programu ya kuhesabu mali ya dukani ilianza vizuri, kisha ukurasa uliofuata ukaja na nusu ya pili ya mchezo wa nyoka. Uliliona kosa nakala zikiwa zimeshaondoka. Ukakaa kusubiri malalamiko. Hayakuja. Mama ndiye aliyetueleza hali ilivyokuwa: "Simu ikilia anairukia, kumbe ni mtu wa maji. Mwisho akaniambia, 'Hata wa kunitukana hakuna. Basi wameshaondoka hawa.'" Toleo lililofuata likaja karatasi moja tu, la kuaga.

Mgeni rasmi, hatukuwa tumeondoka. Tulidhani ni mtihani.

Tulijiambia mhariri wetu hakosei, kwa hiyo hii ni chemshabongo. Kila mmoja akajifungia kwake kutafuta namna ya kuunganisha duka na nyoka, na hakuna aliyekubali kuuliza, asije akaonekana ameshindwa. Muuguzi alihangaika nayo kila alipopata nafasi. Mwenye duka la vipuri ndiye aliyefaulu. "Nikiandika idadi ya misumari," anasema, "nyoka anatokea anaila. Nikasema hapa mzee ametuweza." Alikuwa bado anajiandaa kukupigia simu ya pongezi lilipomfikia tangazo la kifo cha jarida.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe uliyekaa karibu na simu ulisikia kimya peke yake, na kilikuumiza. Sisi nasi imetuuma kujua hivyo.

MAOMBI

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi subira hiyo hatuna.

Kwanza, tunaomba uifute kauli yako. Pili, tunaomba kila toleo litenge ukurasa wa wasomaji, na asiye na la kusema aruhusiwe kuandika "nipo" tu, ili usikae tena kubashiri. Tatu, karatasi zetu umekuwa ukizipokea, lakini kusahihisha unasahihisha peke yako, kwa miwani ambayo Mama anasema ni ya zamani kuliko binti yenu wa mwisho. Tunaomba utugawie na kazi hiyo. Kosa likitokea, liwe letu sote.

La mwisho si ombi, ni taarifa. Toleo lijalo lipo tayari nyuma ya pazia hilo. Tumeliandaa wenyewe. Palipo na neno "Mhariri" tulijaribu kuweka jina la mmoja wetu, kila aliyetajwa akamsukumia mwenzake, basi tukapaacha wazi. Ukikubali, utajaza kwa mkono wako kabla hatujawasha mashine. Ukikataa hatutakulazimisha, umefanya kazi miaka mingi na una haki ya kuchoka. Jarida litatoka hivyo hivyo, na nafasi hiyo itabaki wazi toleo hadi toleo. Atakayeuliza, tutamwambia mhariri yupo, ametoka kidogo.

Mungu akupe afya na macho, ampe Mama sebule isiyo na skrubu, na atujalie sisi ulimi wa kusema mapema.

Ni sisi,
Wasomaji wa "Kibodi", tuliomo chumbani na walio bado kwenye ngazi.