Mama Infirmière Mwenye Alikatala Kunidanganya

Bababa na bamama, munivumilie, nasimama mbele yenu mu kanisa kutoa ushuhuda. Benye bananijua hapa Kimemi, mu Butembo yetu, banajua nilikuwaka nauzisha maharagi. Benye hawanijue, muniangalie muzuri: ni mimi ule mama mwenye batoto balikuwa banatupia mawe ku soko.

Ilianzia ku barabara ya Kayna, wakati ya vita. Mimi na bwana yangu tulikuwa mu camion, juu ya magunia. Basoda, baaskari na bunduki, bakatoka mu majani. Balimushusha, bakamukata na panga mbele yangu. Damu yake iliniruka mu kinywa. Ndugu zangu, munisamehe kuisema mu kanisa, mais ndiyo kweli yenyewe.

Nilirudi Butembo, kichwa yangu haikurudi. Nilikuwa naona bale basoda mu dirisha, nyuma ya mulango, hata mu ibada. Banasema: "Sasa ni wewe." Mi napiga batu na kila kitu nakamata. Dada yangu akanipeleka Beni, ku centre ya bagonjwa ba kichwa.

Kule infirmier mumoja, kijana mwenye kutunza bagonjwa, aliniambia: "Mama, tulia, basoda tulishabafukuza." Na mi nabaona pale pale nyuma yake! Donc nikajua, huyu iko pamoja nabo. Tena dawa balikuwa banaificha mu sombe, mboga ya majani ya mihogo. Siku nilisikia uchungu yake mu meno, nikasema: ni sumu! Nikakamata mutwangio, nikapiga mutu mwenye alikuwa karibu. Ilikuwa infirmière ingine, mama mumoja mufupi. Nilisikia mufupa ya mukono yake inavunjika.

Balinifunga kamba. Nikangojea banipige. Kesho yake ule mama akakuya, mukono imefungwa mu plâtre, akaikala chini, mbali kidogo.

"Uliniumiza," akasema. "Nilikasirika sana."

Mi naangalia ile plâtre.

"Mais siye tulikudanganya. Dawa ilikuwa mu sombe, ni kweli. Haitafichwa tena. Iko hapa mu mukono yangu. Ukiikatala, utaikatala ukiiona."

Nikamuuliza: "Na bale basoda ku mulango?"

Akageuka, akaangalia muzuri, hakucheka. "Hapana. Mimi sibaone. Woga yako ni ya kweli, mama, mais basoda sibaone."

Nawaambia, hakuna mutu alikuwa amenijibu vile. Siku ile dawa niliikatala. Kesho yake pia. Kiisha nikaikunywa, kwa sababu ya ule mama tu. Tangu pale, kila nikiona basoda namuuliza: "Unabaona?" Anaangalia kwanza, anasema: "Hapana." Pole pole bakaanza kupunguka.

Sasa musikilize. Asubuhi moja tulikuwa mu parcelle ya centre, tunamenya mihogo. Naona banaume na bunduki banaruka lupango ya miti. Nikajisemea: ni bugonjwa, endelea kumenya. Hata nilikuwa na kiburi, eti nimepona. Mais nikauliza kama kawaida: "Mama, unabaona?"

Akainua kichwa. Uso yake ikabadilika.

"Ndiyo. Hawa nabaona na mimi. Kimbia!"

Sikumuuliza mara ya pili. Masasi ya bunduki ikalia. Mugonjwa mwenzangu mwenye alikuwa pembeni yangu akaangukia mu mihogo, shingo imepasuka. Mama infirmière masasi ikamupata ku paja. Nikamubeba ku mukongo kama mutoto, tukaingia mu mashamba ya kakao, damu yake inashuka ku miguu yangu. Mu macho yangu kila muti ilikuwa soda na bunduki. Yeye ananisemea mu sikio: "Kule hakuna mutu, pita." Mi napita. "Ku kuume kuko bawili ba kweli. Lala." Mi nalala. Tulitoka vile, macho yake na miguu yangu.

Aliishi. Anatembea na fimbo. Mi nakunywa dawa mpaka leo, na basoda banakuyaka mara moja moja, sitabadanganya ninyi.

Dada yangu, ulinilisha hata nilipokuwa nakupiga: wasingya, aksanti. Na wewe mama infirmière, siwezi kutaja jina yako hapa, mais wasingya sana. Ninyi benye muko na mugonjwa ku nyumba, musimufichie dawa mu chakula. Mumuambie kile munaona na kile hamuone. Siku masasi itakuya kweli, itafaa abaamini ninyi. Pengine ni yeye atababeba ninyi.