Maziwa ya Nelvine: Barabarani au Jikoni?

Silibwet ina sehemu nyingi za kukaa, lakini ukitaka kesi yako isikizwe mpaka mwisho utaileta kwenye benchi la Christabel, mkabala na kituo cha kuuzia majani chai. Christabel huuza chai ya maziwa kwa vikombe vya bati, na wateja wake hunywa polepole, maana mwenye kikombe kitupu huombwa ampishe mwingine. Wa kudumu ni wanne. Kuna Benard, aliyepima majani ya watu kwa miaka ishirini na sita, siku hizi hata mkewe humwita Mizani. Kuna Zack, kinyozi aliyehamia hapa kutoka Kisii, naye ni Komentari kwa sababu hawezi kunyoa kichwa bila kutangaza mechi. Kuna Kiplimo wa bodaboda, yeye ni Turbo. Wa nne ni Johana, ambaye zamani alikimbia mbio za kuruka viunzi na maji, na mpaka leo anaitwa Viunzi ingawa goti lake la kushoto linakataa hata mtaro. Jumamosi hiyo kesi ilimhusu binti yake mwenyewe, na Johana hakuwa na raha.

Binti ni Nelvine, kitinda mimba wake. Alikuwa ameshinda mashindano ya golfu ya wanawake huko Uganda, na alikuwa njiani kurudi, angefika kabla ya jua kuzama. Sasa, kwa Wakipsigis, mkimbiaji akirudi na ushindi hangojewi nyumbani. Watu hutoka barabarani, kina mama huimba, na mama yake humshikia kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolazwa na mkaa mpaka yakakolea, anywe mbele ya macho ya wote. Yunia, mke wa Johana, kibuyu chake kilikuwa tayari tangu Jumatano. Alichomuuliza mumewe ni jambo moja tu: mtoto apewe maziwa barabarani kama bingwa, au apewe jikoni kama mtu yeyote aliyetoka safari? Johana alijibu kwamba angeshauriana na wenzake. Yunia alimtazama, akachukua ndoo akaenda kukamua. Johana anaujua mtazamo ule, ameishi nao miaka thelathini.

Benchi lilikuwa na sababu ya kusitasita. Miaka miwili iliyopita waliona kwenye televisheni kijana wa hapa anaongoza marathoni ng'ambo, kilomita ya thelathini, mbele ya dunia nzima. Stima ikapotea. Wao hawakungoja irudi, wakatangaza ushindi soko zima. Kijana aliposhuka garini wiki iliyofuata alikuta nyimbo, matawi na kibuyu, na kwa aibu akaeleza kwamba yeye alikuwa wa kuwavutia wenzake kasi tu, na alitoka mbioni hapo hapo kwenye kilomita ya thelathini, kama walivyokubaliana. Maziwa aliyanywa, maana kibuyu kikishafunguliwa hakirudishwi, lakini watu wa Bomet mjini walicheka mwaka mzima. Kwa hiyo safari hii Mizani alitaka jambo lipimwe kwanza.

—Mimi nasema hivi. Mchezo ni jasho. Mtu apimwe kabla, apimwe baadaye. Kama kilo hazijapungua, huyo alikuwa anatembea tu.

—Basi mathee yangu ni bingwa wa dunia, alisema Turbo. Akitoka kuchuma chai amepungua kilo mbili, na kikapu kiko kwa mgongo.

Mizani akasema kuchuma chai ni kazi, si mchezo. Turbo akataka aelezwe tofauti iko wapi, kama jasho ni lile lile. Mizani akainua kikombe, akanywa kwa muda mrefu kuliko kiu yake.

Komentari akaona nafasi. Kwake yeye mchezo si jasho, mchezo ni adui.

—Kwa mpira mtu anakuja kukunyang'anya. Huko golfu nani anakunyang'anya? Mpira umekaa chini, umetulia, unakungojea. Halafu kuna mtu wa kukubebea mzigo. Umeona wapi mkimbiaji anabebewa viatu?

Wakacheka. Johana naye alicheka, na kicheko kikamuuma, kwa sababu mzaha ule wa viatu ulikuwa wake. Aliutoa yeye mwenyewe, kwenye benchi hili hili, mwaka ambao Nelvine aliacha kukimbia.

Na alikuwa akikimbia, mtoto yule. Akiwa kidato cha pili aliwaacha wasichana wote wa wilaya kwenye mita elfu moja na mia tano. Johana alimwamsha alfajiri, akamfuata na baiskeli hadi mtoni na kurudi, saa mkononi. Kisha likizo moja Nelvine akaenda kwa shangazi yake anayeishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa, upande wa Kericho, ambako kuna klabu ya golfu katikati ya chai. Akaanza kubeba mifuko ya wachezaji. Aliporudi alimwambia baba yake, kwa adabu, kwamba yeye kukimbia hakupendi. Alikuwa akikimbia kwa sababu baba anapenda. Johana hakumjibu siku ile, wala kesho yake, na kwa miaka sita wawili hao wamezungumza kupitia Yunia: mvua imenyesha, ng'ombe amezaa, salimia huko. Alimkumbuka sana binti yake, na hakuwahi kulitamka hilo kwa mtu.

Benchi, kwa upande wake, lilikuwa limeshachemka. Turbo alisema aliwahi kumbeba jamaa wa klabu, akamwambia wanatembea kilomita kumi kila siku, mlima na bonde, na mashindano ni siku tatu au nne mfululizo.

—Hata ng'ombe wa Chebunyo anatembea kilomita kumi kuja mnadani, alisema Mizani. Tumpatie mursik?

—Ng'ombe ndiye anatoa mursik, alisema Komentari. Hawezi kupewa kitu yake mwenyewe kama zawadi.

Baada ya hapo hakuna aliyeshika usukani. Turbo akadai kwamba moyo wake ukipimwa akiwa amebeba abiria wawili na godoro kwenye matope ya Aprili, serikali itampeleka Olimpiki bila majaribio. Komentari akasema kwa hesabu hiyo mhubiri wa saa tatu naye ni mwanamichezo, tena wa timu, maana kwaya inampa pasi. Mizani alikuwa ameelezwa na Turbo kwamba kwenye golfu anayeshinda ni yule aliyepiga mara chache zaidi, na jambo hilo lilimkera toka moyoni.

—Haba na haba hujaza kibaba, alisema. Methali yenyewe inakataa huo mchezo. Mahali popote duniani, mwenye nyingi ndiye mshindi.

Alikuwa mtu wa kilo, huwezi kumlaumu. Kisha akamgeukia Johana, na sauti yake ikashuka.

—Viunzi, wewe ulikimbia. Sisi tunapiga domo tu. Huyu ni mwanamichezo ama si mwanamichezo?

Johana alizungusha kikombe viganjani. Alikuwa na jibu tayari, lile la siku zote, la viatu. Badala yake alijikuta akisema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye benchi.

—Mnajua nilianguka kwa maji ya mwisho. Watu walisema ni goti. Goti liliumia baadaye, nikishaanguka. Mimi niliwaza. Nilikuwa wa pili, nikaona maji, nikawaza kidogo tu, je nikianguka? Nikaanguka. Sasa huyo mtu anasimama mbele ya mpira umekaa. Hakuna wa kumsukuma. Ako na dakika mzima ya kuwaza.

Hata Turbo aliacha simu yake.

—Kwa hivyo ni mwanamichezo? aliuliza Mizani.

Hapo Johana alirudi nyuma, kama wanaume wanavyorudi nyuma wakigundua wamesema ukweli mbele za watu. Akasema sijui, yeye alikuwa akieleza tu, mambo ya golfu hayajui. Komentari, ambaye hana moyo mbaya ila ana mdomo, akaona kesi imefika mwisho na inahitaji filimbi.

—Wahenga walimaliza hii maneno. Mcheza kwao hutunzwa. Yeye amecheza Uganda. Wacha Waganda wamtunze, sisi tumpe chai nyumbani.

Mizani akatikisa kichwa kukubali. Turbo alikuwa na kinyongo lakini alikuwa mmoja. Ikabaki Johana aseme neno lake, Yunia apelekewe habari, kibuyu kibaki jikoni.

Wakati huo Phanice alivuka barabara. Ni mama mgeni sokoni, ametoka Keroka, hana hata mwezi tangu aanze kutandaza mitumba yake karibu na posho mili, kinu cha kusagia unga. Alisimama kando ya benchi kwa heshima, akangoja wamtambue.

—Chamgei wazee, alisalimia, kwa Kikipsigis chake cha kujifunza. Samahani. Nimeskia kuna msichana wa hapa ameshinda golfu.

Walimwambia ndiyo, na baba yake huyu hapa. Phanice akatoa glavu kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa nyeupe, ya ngozi laini, na ilikuwa moja.

—Nilipata hii ndani ya bale. Nimetafuta ya pili siku mbili, nikafikiri nimeibiwa. Ndio mteja akaniambia wachezaji golfu wanavaa moja tu, ule mkono wenye si wa kupigia. Nikasema basi, Mungu amejua mwenyewe. Nataka nimpatie huyo msichana. Lakini hii ni ya mkono wa kushoto. Yeye anapigia mkono gani?

Komentari alimtazama Mizani. Mizani alimtazama Turbo. Kisha wote watatu, taratibu, wakamtazama Johana.

Johana alitafuta akilini. Alimwona Nelvine akichuma chai, lakini chai huchumwa kwa mikono yote miwili. Alimwona akikimbia, na kwenye kukimbia alikuwa akitazama miguu. Alijua muda wake wa kila mzunguko, mpaka sekunde, wa miaka sita iliyopita.

—Sijui, alisema.

—Si lazima saa hii, mzee, alisema Phanice. Naweza kungoja.

—Hapana mama. Ni mtoto wangu, na sijui.

Alitoa simu. Vidole vilikawia kulipata jina, kwa kuwa hakuwahi kulipiga. Simu ikaita mara mbili tu, ikashikwa, na sauti ya Nelvine ikatoka juu ya kelele za gari, ikiwa imejaa hofu, wote wakaisikia.

—Baba? Nani amekufa?

Christabel aliweka birika chini. Johana alifunga macho kidogo, akayafungua.

—Hakuna mtu amekufa. Ukifika, shuka hapa Silibwet sokoni, usipite. Tutakuwa barabarani na mama yako, na kibuyu. Na nilitaka kukuuliza, huko kwa golfu, unapigia mkono gani?

Walimsikia Nelvine akimwomba dereva apunguze redio, kisha kelele zikapungua.

—Baba, sijaskia vizuri. Sema tena.

Alikuwa amesikia. Kila mtu kwenye benchi alijua kwamba alikuwa amesikia. Na Johana, mbele yao wote, akarudia.