Vitambaa Nyeupe ya Mususa

Mama yangu, kule Kipese kwenye baridi inauma masikio, alikuwaka na jogoo moja nyeupe pee. Batu balisahau hata jina yake ya ubatizo, balimuita Mama wa Jogoo, na yeye anafurahi! Siku moja kipanga ikashuka. Kuku nyeusi zilijificha mu maharagwe, jogoo njo ilionekana, kipanga ikaibeba. Mama alilia kama kwenye kilio. Papa akamuambia: "Eh mama, si ulikuwa unamutandikia kipanga meza?" Lakini sikusimama hapa mbele yenu kusema habari ya kuku, bandugu yangu. Nilisimama kusema habari ya kujionyesha.

Kisha indépendance, baasi, bale benye kupigana na serikali, balitufukuza kule Beni kwenye tulikuwa tunaishi, miye na mudogo yangu. Tukafika Butembo, hapa Mususa. Kulikuwa kikundi ya kusaidia bakimbizi. Mukubwa yake alikuwa mwalimu, mutu wa jimbo ingine, kofia safi kila siku. Alitupatia unga na chumvi, Mungu amubariki kwa ile. Lakini bale bageni banatuma chakula kutoka mbali balitaka kuona kazi. Kwa hiyo mwalimu akasema: kila nyumba yenye inapokea posho itundike kitambaa nyeupe juu ya mulango. Bageni bakipita na motokari, bataona bila kukanyaga matope.

Mudogo yangu akacheka: "Yaya, sasa tumbo yetu nayo ilipata bendera!"

Bageni balipita, balipiga makofi. Nyuma yao baasi bakapita njia ile ile. Habakuuliza mutu. Mulango yenye kitambaa, banavunja. Yenye haina, banaruka. "Leta unga!" Mudogo akasema iliisha. Moja akanyooshea kitambaa mukuki: "Muongo! Nyumba yenyewe inasema." Balimukata na panga, shingo pamoja na mikono yenye ilikuwa inafunika shingo. Damu ilizima moto. Miye balinivunja huu mukono, balizani nilikufa.

Nabaambia, nilianguka. Kasiksi asubuhi, kasiksi mangaribi, ile pombe ya ndizi inasahaulisha hata njaa. Nililala mu mufereji na panga yangu, ninainoa, natafuta tu mutu wa kuua. Bamama bajane bakanivuta miguu: "Papa, kama unataka kukata, kata kuni yetu." Nikakata. Nikakata mupaka nikaacha kasiksi.

Sasa sikieni. Mwalimu akarudi na mufuko ya vitambaa mupya. Bageni banakuja tena. Na baasi habakuwa mbali. Nikaona mu kichwa batoto ba bale bamama banakatwa kama mudogo. Nikasimama, panga ya kuni mukononi: "Mwalimu, tundika ya kwanza kwako."

"Papa, bageni batajuaje kama tunafanya kazi?"

Mama moja akamujibu: "Bashuke! Baingie, baguse mafiga kama iko na moto. Baangalie batoto kama banacheza."

"Na matope?"

"Matope inatoka na maji."

Asante, bamama, bengine muko hapa, munaficha uso kwa haya. Na ninyi benye kuongoza vikundi leo: mupime kazi kwa mutu mwenye anaishi. Kabla ya kujionyesha, muulize nani mwingine anaangalia.

Mwalimu? Aliangalia panga, akaangalia bamama. Akaweka mufuko chini, akanyoosha kofia, akashika njia ya Kanyabayonga bila kuaga. Hakurudi tena, na vitambaa yake hatukutundika.