Aliyehesabiwa Miaka Minane: Nehemiah Mwakipesile, 1951–1998

"Hakuna mtu mzima nchi hii, mweusi kwa mweupe, ambaye hajapita mikononi mwangu." Hivyo ndivyo marehemu alivyojigamba mbele ya ukumbi mzima kwenye sherehe ya Uhuru ya Watanzania wa hapa Marekani, Rockville, Desemba 1995, sahani ya pilau mkononi. Watu walicheka. Alikuwa anasema kweli.

Nehemiah Mwakipesile alizaliwa Tukuyu tarehe 14 Machi 1951. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Mbeya, kisha diploma ya takwimu Dar es Salaam. Na aliimaliza, jambo ambalo hakuacha kumkumbusha mpwa wake, mimi ninayewasomea wasifu huu.

Mwaka 1977 alifunga ndoa na Euphrasia, mjini Bukoba. Mungu akawajalia binti mmoja, Bupe. Mwaka 1990 wote watatu walihamia hapa Laurel, jimbo la Maryland, kwa kibali cha ukaazi wa kudumu.

Kazini, kwa mkataba wa ofisi ya sensa, alitengeneza majedwali ya watu waliofikisha umri wa kupiga kura: weupe, weusi, Waasia na wengineo, kanda kwa kanda. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakujibu kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima weusi wako Kusini na Waasia wamejazana Magharibi. Maryland huhesabiwa Kusini, kwa hiyo naye alikuwemo, mweusi wa Kusini kutoka Tukuyu. Jedwali halikumuuliza uraia. Lilitaka kichwa tu. Kituo cha kura ndicho kilichotaka uraia.

Aliuomba Mei 1996. Hadi siku ya uchaguzi, Novemba, jibu hakuna, basi akawabeba majirani kwa gari lake mpaka kituoni, yeye akabaki kwenye usukani. Kojo, mfanyakazi mwenzake, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili chuoni, akamtania: "Bwana Takwimu, leo unapiga kura au unapiga honi?"

"Honi, kaka. Mwaka '98 utanipigia wewe."

Watu wa Uhamiaji wakamchukua alama za vidole. Zikaisha muda zikiwa mezani kwao, si kwake. Wakamchukua tena. Kila akipiga simu, anaambiwa asubiri.

Februari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Hata wodini alikuwa anasahihisha jedwali la uchaguzi wa Novemba 3.

"Baba Bupe, waache hao watu, hesabu pumzi zako," mkewe alimwambia.

"Nami nimo humu, Mama Bupe. Nikiacha, nani atanihesabu?"

Alifariki Jumatano, Oktoba 21. Alhamisi barua ikafika: alama za vidole zimeisha muda tena, aje atoe nyingine. Vidole hivi hapa, ndani ya sanduku. Anayevitaka aje kabla hatujafukia.

Jedwali limeshachapwa na yeye yumo: kichwa kimehesabiwa, kura hakuna. Baada ya Jumanne ya uchaguzi mtasoma magazetini kwamba weusi wa Kusini hawakujitokeza. Huyu alijitokeza miezi ishirini na tisa.

Ameacha mjane, Euphrasia, na Bupe, aliyetimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita, na ambaye sasa naye anahesabiwa. Fomu yake ya uraia iko nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula.

Lala, Anko. Hesabu imefungwa.

Ada ya kuomba uraia ni dola tisini na tano.